Kalila na Dimna: Kitabu cha Wanyama Kilichofika Mpaka Ukumbini Kwetu



Ikiwa ulilelewa katika nyumba ya pwani, basi bila shaka kisa cha kima na papa unakijua, na huenda hukumbuki hata ni nani aliyekusimulia. Kima anakaa juu ya mkuyu ulioinamia baharini. Papa huja chini ya mti, kima humtupia kuyu, na urafiki ukaingia baina yao. Siku moja papa akamwalika rafiki yake kwao, akampakia mgongoni, na walipofika katikati ya bahari akamwambia kweli: Sultani wao ni mgonjwa, na dawa aliyoandikiwa ni moyo wa kima. Kima hakubabaika. Alimuuliza papa kwa nini hakusema tangu mwanzo, kwani makima hawatembei na mioyo yao, huiacha juu ya mti. Papa akageuza njia, kima akaparamia mkuyu wake, na hakushuka tena. Papa alipomwita, akamjibu kwa kisa kingine, cha punda wa dobi aliyeponea chupuchupu katika makucha ya simba, kisha akabembelezwa na sungura akarudi kwa miguu yake mwenyewe, akaliwa. Sungura akaula moyo na masikio kwa siri. Simba alipouliza viko wapi, akajibiwa kwamba punda yule hakuwa na moyo wala masikio, maana angekuwa navyo asingalirudi mara ya pili.

Kisa hiki nataka tukifuate nyuma mpaka kwa mtu aliyekitia katika Kiarabu. Njiani tutakutana na swali ambalo bado linaulizwa majumbani mwetu. Wako wazazi, nami nawaheshimu kwa nia yao, wanaowakataza watoto hadithi za kubuni kwa hoja moja fupi: kima hasemi, papa hana Sultani, basi haya ni maneno ya uongo, na Muislamu hasemi uongo. Wako na wengine wanaoziacha, lakini huziona ni kitu cha kuwalazia watoto tu. Mimi naona wa kwanza wako karibu zaidi na haki kuliko wa pili, kwa sababu wao angalau wanajua kuwa hadithi ina nguvu.

Kwa Kiswahili kisa hiki kilipigwa chapa London mwaka 1870, katika kitabu cha hadithi zilizokusanywa Unguja na Edward Steere, padri wa misheni ya Kiingereza ambaye baadaye alifanywa askofu. Hadithi si zake. Aliandika alivyosimuliwa na watu wa Unguja. Lakini watu wa Unguja nao walikuwa wamepokea. Miaka elfu moja na mia moja na zaidi kabla ya hapo, kisa hicho hicho kilikuwa kimeandikwa kwa Kiarabu katika kitabu kiitwacho Kalila wa Dimna. Humo hakuna papa, yuko kasa. Wala hakuna mkuyu, uko mtini. Ukirudi nyuma zaidi, katika kitabu cha Kihindi kiitwacho Panchatantra, ambacho ndicho asili, utamkuta mamba chini ya mti wa jamii ya mzambarau. Kila nchi ilipanda mti wake na kumtia majini mnyama inayemjua. Katika Kiarabu, anayeutaka moyo wa kima si Sultani. Ni mke wa kasa, aliyeona wivu mumewe kushinda kwa rafiki, akajifanya mgonjwa. Nani aliyemwondolea mke hila ile na kumtwika Sultani maradhi? Pengine ni bibi mmoja wa kwetu aliyechoka kusikia kila baya likitiwa mlangoni kwa mwanamke. Hayo ni mawazo yangu tu. Mtu mmoja ndiye ambaye hakubadilika njiani: yule dobi. Katika Kiarabu punda ni wa dobi, na Unguja punda ni wa dobi.

Kutoka Bara Hindi kitabu kilipita Uajemi. Inasimuliwa kwamba Kisra Anushirwan, aliyetawala tangu mwaka 531 hadi 579, alimtuma tabibu wake Burzoy kwenda kukitafuta, na Burzoy akakifasiri kwa Kiajemi cha kale. Tafsiri hiyo imepotea. Tuliyo nayo ni ya Kiarabu, iliyoandikwa karibu na mwaka 750 na kijana mmoja aliyeitwa Ruzbih, ambaye dunia inamjua kwa jina la Ibn al-Muqaffa.

Jina hilo lenyewe lina kisa. Baba yake alikuwa Muajemi aliyekusanya kodi katika utawala wa Bani Umayya. Akatuhumiwa kula mali ya serikali, akapigwa kwa amri ya wakubwa mpaka mkono wake ukakauka na kujikunja. Watu wakamwita al-Muqaffa, yaani mwenye mkono uliosinyaa, na mwanawe akaitwa mtoto wa huyo. Kijana alikulia Basra, akajifunza Kiarabu kwa Waarabu wenyewe mpaka akawapita wengi wao, akawa karani wa maliwali. Dola ya Bani Umayya ilipoanguka mwaka 750, aliingia katika kazi ya Isa bin Ali, ami yake Khalifa, na mbele ya huyo akasilimu, akaitwa Abdallah. Wanazuoni wa lugha wanamhesabu kuwa ni mmoja wa waliojenga nathari ya Kiarabu, yaani maandishi yasiyokuwa mashairi.

Sasa turudi kwenye swali letu.

Lugha yetu, ndugu msomaji, imetupa neno moja kwa mambo mawili. Tunasema hadithi ya Mtume, Sallallahu alayhi wasallam, na tunasema hadithi ya sungura. Mgeni anaweza kudhani tunavichanganya. Hatuvichanganyi, na dalili ni namna tunavyoanza. Anayesoma hadithi ya Mtume huanza kwa kutaja aliyeipokea na kitabu ilimo. Msimuliaji wa usiku husema «Paukwa», na waliomzunguka hujibu «Pakawa». Hapo kila mtu, hata mtoto wa miaka mitano, anajua ameingizwa wapi. Hatoki pale akaenda kuwaapia wenziwe kwamba pana kima aliyeacha moyo wake mtini. Uongo ni kumfanya mtu aamini lisilokuwa. Hapa hakuna aliyefanywa aamini.

Waliokosea ni wale waliolivunja pambano hilo. Katika sira imepokewa kwamba an-Nadr bin al-Harith, mmoja katika Makureshi, alikuwa amefika Hira akajifunza visa vya wafalme wa Uajemi, vya Rustam na Isfandiyar. Mtume alipoondoka barazani baada ya kuwalingania watu, an-Nadr alikaa mahali pake, akawasimulia visa hivyo na kuwauliza kama hadithi zake si nzuri zaidi. Kosa lake lilikuwa kuitumia hadithi kama pazia la kuwaziba watu wasiione haki. Na nguvu ya pazia hilo ilijulikana, ndiyo maana alilichagua.

Baadaye walikuja wasimulizi wa misikitini, ambao Ibn al-Jawzi wa Baghdad, aliyefariki mwaka 1201, aliwaandikia kitabu kizima cha kuwarudi. Kuna kisa mashuhuri juu yao, ingawa wako wanazuoni walioitilia shaka isnadi yake. Imam Ahmad bin Hanbal na Yahya bin Main walisali katika msikiti mmoja wa Baghdad. Akasimama msimulizi, akawatolea watu hadithi ndefu ya ajabu, akasema kwamba amehadithiwa na Ahmad bin Hanbal na Yahya bin Main. Maimamu wakatazamana. Alipokwisha, Yahya akamwita akamwambia: Mimi ndimi Yahya, na huyu ndiye Ahmad, na maneno hayo hatujapata kuyasikia. Yule mtu akajibu kwamba siku zote alikuwa akisikia kuwa Yahya ni mpumbavu, na leo amehakikisha. Kwani duniani hakuna Yahya na Ahmad wengine? Yeye amepokea kwa Ahmad bin Hanbal kumi na saba! Basi huyo ndiye mwongo, maana alichukua ya kubuni akaivisha kilemba cha isnadi.

Jambo hili lilijadiliwa na wanazuoni kwa makini kuliko tunavyodhani. Al-Hariri wa Basra, aliyeishi kati ya mwaka 1054 na 1122, alitunga Maqamat yake, visa 50 vya laghai mmoja fasaha aitwaye Abu Zayd. Katika utangulizi alijitetea kwamba hakujasikiwa mtu aliyezichukia hadithi za wanyama na vitu visivyosema. Ibn al-Khashshab wa Baghdad, aliyefariki mwaka 1172, hakuridhika na utetezi huo. Aliona kwamba mnyama anaposema, kila mtu anajua ni mfano, lakini Abu Zayd ni binadamu kama sisi, na msomaji anaweza kudhani kweli alikuwako. Ibn Barri wa Misri, aliyefariki mwaka 1187, akaandika kumtetea al-Hariri. Mimi naona Ibn al-Khashshab ameshika jambo la maana kwa watungaji wa riwaya: aandikaye habari za watu wanaofanana na jirani zetu lazima aonyeshe wazi kuwa anabuni. Lakini zingatia, ndugu msomaji: hata huyo mkali wao hakuwa na neno na simba na mbweha.

Na tuingie sasa ndani ya kitabu chenyewe, kwenye mlango wake mkubwa.

Fahali mmoja aliyeachwa njiani na wafanya biashara baada ya kukwama matopeni alipona, akanenepa, akaanza kunguruma. Simba, mfalme wa pori lile, hajapata kuisikia sauti hiyo, akaingiwa na hofu asithubutu kutoka. Penye baraza yake wako mbweha wawili ndugu, Kalila na Dimna. Dimna ana tamaa ya cheo. Akaitambua hofu ya mfalme, akamwendea fahali, akamleta, na simba akampenda fahali mpaka akamfanya msiri wake. Dimna akajiona ameachwa nje. Akaenda kwa simba akamwambia fahali anakusudia kukupindua. Akaenda kwa fahali akamwambia simba anataka kukula. Kila mmoja akamfundisha alama za kutazama kwa mwenziwe: mkia ulivyo, macho yalivyo, anavyokaa. Walipokutana, kila mmoja akaziona alama alizofundishwa, kwa sababu kila mmoja alikuja na hofu yake. Simba akamwua rafiki yake. Kalila alikuwa akijua tangu mwanzo. Alimlaumu nduguye, akampigia mifano, lakini faraghani.

Katika kitabu cha Kihindi kisa kinaishia karibu na hapo. Mbweha anabaki kuwa waziri, na simba anaendelea kutawala. Kitabu kile kiliwafundisha wana wa wafalme jinsi dunia inavyokwenda, na mara nyingi ndivyo inavyokwenda.

Ibn al-Muqaffa hakuweza kukiacha hivyo. Katika Kiarabu unafuata mlango mpya, wa kuichunguza kazi ya Dimna, ambao haumo katika asili, na wataalamu wengi wanaona ni kalamu yake mwenyewe. Simba amejuta. Usiku mmoja chui anapita penye nyumba ya wale ndugu, anamsikia Kalila akimlaumu Dimna, naye anampelekea habari mama yake simba kwa ahadi ya siri. Dimna anakamatwa, anasimamishwa mbele ya kadhi na baraza.

Hapa ndipo utaiona kazi ya fundi. Mtungaji dhaifu angemfanya Dimna mwoga na mjinga, tukamcheka na kwenda zetu. Huyu amempa Dimna hoja. Anapoambiwa aungame ili apate salama ya akhera, anajibu kwamba mahakimu wema hawahukumu kwa dhana. Mmoja wa wakubwa anaposema uso wa Dimna peke yake ni ushahidi, kwa alama zilizomo, Dimna anamrudisha nyuma kwa kumhesabia kasoro za mwili wake yeye, mpaka anaaibika mbele ya watu. Na maneno ya Dimna ni ya haki! Uso si ushahidi, wala dhana si ushahidi. Msomaji anajikuta anatikisa kichwa kumwafiki muuaji.

Tukisikia khutba juu ya fitina, ndugu msomaji, nani kati yetu hujifikiria mwenyewe? Kila mmoja humfikiria jirani yake. Lakini aliyemfuata Dimna kutoka barazani mpaka gerezani hana pa kukimbilia, kwa sababu ameshamwafiki. Ameshaona jinsi neno dogo linavyopelekwa, kwamba halipelekwi kwa ukelele bali kwa sura ya nasaha na mapenzi: nakwambia haya kwa kuwa nakupenda. Ni nyumba ngapi za kwetu zimevunjwa kwa maneno hayo hayo, baina ya mke na wifi yake, baina ya ndugu wawili wenye duka moja? Mtu anaweza kuusoma mlango huo saa za usiku, na asubuhi akalimeza neno alilokuwa amekwisha kulitayarisha kumpelekea mwenziwe.

Kesi inamalizwaje? Kalila anakwenda kumtazama nduguye gerezani, wanasema yaliyopita, na mnyama mwingine aliyefungwa humo anayasikia yote. Kalila anarudi nyumbani, na huzuni na hofu zinamwua. Mwisho chui anatoa ushahidi waziwazi. Akiisha yeye, yule mfungwa anapeleka habari kwamba naye ana ushahidi. Wanapoulizwa kwa nini walinyamaza, wanasema ushahidi wa mmoja haukatishi hukumu. Wakiwa wawili, hukumu inapita, na Dimna anauawa. Angalia alivyofanya mwandishi: pori la Kihindi amelitia kadhi na mashahidi wawili, kama ilivyo katika sharia.

Katika utangulizi wake anamwonya msomaji asidanganywe na utamu wa juu. Anasema wanyama wamewekwa ili vijana wakipende kitabu na wafalme waburudike, lakini asiyetafuta maana ni kama aliyepewa jozi na maganda yake, haimfai mpaka aipasue. Kisha anatoa kisa kifupi cha mtu aliyeamka usiku akamwona mwizi ndani. Akasema moyoni: Nitanyamaza nimtazame, akiisha kukusanya nitamkamata. Mwizi akazungukazunguka, na mwenye nyumba usingizi ukamchukua. Alipoamka, mwizi na vitu wameondoka, naye akabaki akijilaumu kwamba alijua na hakufanya kitu.

Ibn al-Muqaffa aliandika na maneno ya wazi. Alitunga risala ya kumnasihi mwenye kutawala juu ya hali ya jeshi, kodi, na makadhi waliokuwa wakihukumu kila mmoja kwa njia yake. Na mabwana zake walimtaka awaandikie hati ya amani kwa ajili ya ndugu yao Abdallah bin Ali, ambaye alikuwa ameasi juu ya Khalifa al-Mansur. Akaiandika kwa masharti mazito: Khalifa akivunja ahadi, basi wake zake wameachika, watumwa wake wako huru, na Waislamu wamefunguliwa baia yake. Al-Mansur alikasirika, akauliza ni kalamu ya nani. Liwali wa Basra, Sufyan bin Muawiya, alikuwa na chuki zake za zamani na Ibn al-Muqaffa, ambaye alizoea kumfanyia mzaha. Siku moja Ibn al-Muqaffa aliingia nyumbani kwa liwali, na hakuonekana akitoka. Inasimuliwa kwamba alikatwa viungo na kutiwa katika tanuri. Wengine walimtuhumu pia uzandiki. Mwaka wa kufa kwake umepokewa kwa khitilafu, kati ya 756 na 759, na umri wake haukupindukia sana miaka 36.

Ibn Khallikan, aliyeandika wasifu wa watu mashuhuri na kufariki mwaka 1282, anasimulia yaliyofuata. Mabwana wa marehemu walimpeleka Sufyan kwa Khalifa akiwa katika minyororo, na mashahidi walioona Ibn al-Muqaffa akiingia asitoke. Al-Mansur akawauliza mashahidi: Mwaonaje nikimwua Sufyan, kisha Ibn al-Muqaffa akatoka katika mlango huu (akaashiria mlango ulioko nyuma yake), nitawafanya nini nyinyi? Mashahidi wakafahamu. Wakarudi nyuma na ushahidi wao, na Sufyan akafunguliwa.

Kitabu kikaendelea bila mwenyewe. Kilifasiriwa Kigiriki, Kiebrania, Kilatini. Kihispania mwaka 1251. Na La Fontaine wa Ufaransa, katika juzuu yake ya mwaka 1678, alikiri deni lake kwa hekima hiyo ya mashariki. Maulana Rumi alichukua kisa cha simba na sungura akakifanya mafunzo ya tawakkul na juhudi. Na kwa jahazi au kwa mdomo, kima na dobi wakafika kwetu.

Ukipata Kalila wa Dimna, kwa Kiarabu au katika tafsiri, mlango wa kesi unafuata mara baada ya ule wa simba na fahali. Usiusome mfululizo ukiwa na watoto. Simama pale Dimna anapomaliza kujitetea, kabla chui hajasimama, uwaulize wao wangehukumu nini, na uwaache wabishane kabla ya kufunua ukurasa.